Mwanafunzi kamuogopa bibi badala ya mzimu, nimpe maksi ngapi?

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa lugha anayefundisha watoto wa miaka 11, nalileta kwa kulifupisha:

"Mwalimu, naomba msaada. Niliwapa wanafunzi wangu hadithi fupi ya mzimu, ya watoto, nikawaambia waandike maoni yao. Niliwawekea na muongozo ubaoni: taja wahusika, eleza mambo yaliyotokea, sema umejifunza nini. Karibu wote wameufuata. Mmoja kaandika mambo yake kabisa, muongozo hajaugusa. Mwalimu mwenzangu anasema huyo hajajibu swali, nimpe sifuri arudie, ila mimi moyo unasita. Juu ya hilo mama yake kaja kulalamika kwamba mtoto hakulala vizuri, anauliza kwa nini tunawasomesha watoto habari za mizimu. Nimpe ngapi, na mama nimwambie nini? Na nilikuwa nafikiria niisome kazi yake mbele ya darasa, ni sawa?"

Hadithi yenyewe, kwa jinsi alivyonielezea, iko hivi. Mvulana anapelekwa kukaa na bibi yake kwenye nyumba kubwa ya zamani, wako wawili tu. Kila jioni bibi anatenga sahani 3 mezani. Usiku mvulana anasikia kiti kinaburutwa huko chini. Usiku mmoja anashuka, anamkuta msichana wa umri wake amekaa mezani, nguo zimelowa chapachapa, chakula kipo mbele yake hajakigusa. Baadaye tunajua ni dada yake bibi, alizama majini walipokuwa watoto, na siku hiyo walikuwa wote. Mwisho mvulana anavuta kiti, anakaa mbele ya yule msichana, hadithi inaishia hapo.

Na hii ndo kazi ya mwanafunzi, nimeiacha kama ilivyo:

"Mimi sikumuogopa yule mzimu. Nilimuogopa bibi. Bibi alikuwa anajua tangu mwanzo na hakumwambia mjukuu wake kitu. Pale alipoweka sahani ya tatu nilirudi nyuma kuhesabu watu nikaona wako wawili, nikashtuka kabla hata mzimu hajatokea. Mwandishi hakusema chochote kuhusu hiyo sahani, aliiweka tu. Yule msichana aliyelowa nilimuonea huruma kwa sababu kila siku anawekewa chakula lakini hakuna anayekaa naye. Mwisho sikuupenda. Mvulana anakaa tu na hadithi inaisha. Kwa nini haulizi kitu? Mimi ningeuliza. Usiku nililala taa ikiwaka lakini sio kwa sababu ya mzimu, nilikuwa nawaza kama na nyumbani kwetu kuna kitu watu wazima wanakijua na hawaniambii."

Mwalimu, nianze na jibu lenyewe ili usisubiri. Sifuri usimpe. Kama unasahihisha kwa maksi 10 mimi ningempa 8, na zile 2 zilizobaki hazihusiani kabisa na muongozo wako wa ubaoni, zinahusu kitu kimoja alichokiacha nusu njia ambacho nitakuonyesha huko mbele, na kusema kweli hicho alichokiacha ndo kimenifanya nikae chini nikuandikie kirefu hivi.

Twende kwenye sahani ya tatu. Angalia mtoto huyu kafanya nini. Alikuwa anasoma, akafika mahali panasema sahani 3, mwandishi hajaeleza, hajaweka muziki wa kutisha, hajasema "cha ajabu", kaiweka tu sahani mezani na kuendelea. Msomaji asiye makini anapita. Huyu akasimama, akarudi kurasa za nyuma, akahesabu watu ndani ya nyumba, akapata wawili, na hofu ikamkamata hapo hapo kwenye hesabu. Yaani alishtuka kabla ya mzimu kutokea! Halafu cha kunifurahisha zaidi, akatambua kwamba mwandishi kafanya makusudi: "hakusema chochote kuhusu hiyo sahani, aliiweka tu." Mwalimu, hiyo sentensi ni uhakiki. Kuna watu wazima wanasoma fasihi miaka na miaka na bado ukiwauliza hadithi inatishaje wanakwambia inatisha kwa sababu ina mzimu, wakati mtoto wa miaka 11 kakuonyesha kidole mpaka kwenye kitu chenyewe kinachotisha, na kitu chenyewe ni sahani.

Sasa nikuulize, wale waliofuata muongozo wameandika nini? Sijaziona kazi zao lakini za namna hiyo nimesahihisha nyingi sana, naweza kukisia: wahusika ni mvulana, bibi na mzimu. Mvulana alienda kwa bibi yake. Nimejifunza kwamba tusiogope. Au nimejifunza tuwapende ndugu zetu, au tusicheze karibu na maji. Hayo yote mtoto anaweza kuyaandika bila kuisoma hadithi, anaulizia kwa jirani yake kwenye dawati inahusu nini basi kamaliza. Na siwalaumu wao, wamejibu kile walichoulizwa.

Ugonjwa huu ni wa zamani na hauwapati watoto peke yao. Mwaka 1929 I. A. Richards, aliyekuwa anafundisha Cambridge, alichapisha kitabu kilichotokana na zoezi alilokuwa analifanya na wanafunzi wake, anawapa mashairi bila jina la mtunzi wala tarehe, wanaenda kusoma, wanamrudishia maandishi ya walichokiona. Hao ni wanafunzi wa chuo kikuu kinachoheshimika, na wengi wao walipotea vibaya. Kati ya matatizo aliyoyapanga mojawapo ni yale majibu ya akiba, msomaji anakuja na jibu analo tayari kichwani, linasubiri tu kisingizio cha kutoka, akiona neno mama anatoa jibu la mama, akiona kifo anatoa jibu la kifo, shairi lenyewe halijaguswa. "Nimejifunza tusiogope" ni jibu la akiba. Na muongozo wako, samahani nikiliweka wazi, unayaita majibu hayo yaje, kwa sababu unaposema "umejifunza nini" mtoto anajua kabisa mwalimu anataka kusikia kitu kinachofanana na methali, atakitafuta popote alete.

Huyu binti yeye kaleta alichokutana nacho. Mtu aliyeitetea namna hii ya kusoma kwa nguvu kuliko wengi ni Louise Rosenblatt, Mmarekani, alizaliwa 1904 akafariki 2005, kitabu chake cha kwanza kuhusu jambo hili kilitoka 1938 na kingine kikubwa 1978. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba maandishi kwenye karatasi peke yake bado hayajawa hadithi, hadithi inatokea pale msomaji fulani, mwenye maisha yake, anapokutana na maneno yale. Akatofautisha namna mbili za kusoma. Kuna kusoma ili uondoke na kitu, na mfano wake mwenyewe ni mama ambaye mtoto wake kanywa sumu, mama anashika chupa anasoma lebo haraka haraka kutafuta dawa ya kuitoa ile sumu, hapo hana habari na uzuri wa sentensi, anataka taarifa tu. Na kuna kusoma ambako kinachohesabika ni kile unachokipitia wakati unasoma, picha, hofu, huruma, mapigo ya moyo. Hadithi ya mzimu imeandikwa kwa ajili ya aina ya pili. Sasa sisi walimu tunachukua hadithi ya mzimu halafu tunauliza maswali ya lebo ya chupa: nani, wapi, lini, umeondoka na nini. Mtoto akitujibu kwa namna ya pili tunamwambia hajajibu swali!

Ila nikutendee haki na mwalimu mwenzako, maana anayo hoja na sitaki uende ukambishie bure. Hofu yake nadhani ni kwamba tukianza kutoa maksi kwa hisia basi kila mtoto ataandika "nilisikia raha" na tutashindwa kumpinga, nani atamwambia mwenzake hukusikia raha? Hiyo hofu ina msingi. Mwaka 1949 Wimsatt na Beardsley, wasomi wawili wa Kimarekani, waliandika makala maarufu ikikemea jambo hilo hilo, kwamba ukichanganya shairi na matokeo yake kwa msomaji mwishowe shairi linapotea machoni pako unabaki na msomaji anayejielezea mwenyewe. Na ni kweli kazi za namna hiyo zipo, "iliniogopesha sana, iliniogopesha mno, mimi napenda hadithi za kuogopesha", mstari wa kumi bado hujaambiwa nini kilichomwogopesha.

Lakini Rosenblatt mwenyewe hakusema kila kitu ni sawa. Aliweka masharti mawili ambayo mimi nayatumia mpaka leo kusahihishia, na ningependa umuonyeshe mwenzako. La kwanza, usomaji wa mtu usipingane na kitu chochote kilichomo kwenye maandishi. La pili, asilete kitu ambacho hakina maneno ya kukishikilia mle ndani. Sasa mpime huyu binti. Anasema bibi alijua tangu mwanzo: ndiyo, anatenga sahani kila jioni, angetengaje bila kujua? Anasema bibi hakumwambia mjukuu: ndiyo, kwa hadithi ulivyonipa hakumwambia mpaka kijana kashuka mwenyewe. Anasema anamuonea huruma msichana kwa kuwa anawekewa chakula tu, hakuna anayekaa naye: ndiyo, chakula hakijaguswa na kiti cha mbele yake kiko wazi. Kila hisia yake ina mahali pa kusimama. Hiyo ndo tofauti na yule wa "nilisikia raha". Hofu ya huyu ina anwani, unaweza kumuuliza ilikukamatia wapi na ya nani, akakujibu ukurasa na mstari.

Na kumuogopa bibi badala ya mzimu hajakosea hata kidogo, kwa kweli kaingia ndani kabisa ya namna hadithi hizi zinavyofanya kazi. Mzimu kwenye hadithi nyingi nzuri sio adui. Mzimu ni mtu aliyepungukiwa kitu na anarudi rudi kwa sababu walio hai hawajampa. Moja ya hadithi za mizimu za zamani zilizobaki kwa maandishi ni ya Plinio Mdogo, Mrumi, aliisimulia kwenye barua kwa rafiki yake Sura miaka kama 1,900 iliyopita. Kuna nyumba Athens haipangishiki, usiku mzee mwenye ndevu na minyororo miguuni na mikononi anapita pita humo, watu wanakimbia. Mwanafalsafa Athenodorus anaona bei ni rahisi mno, anauliza sababu, anaambiwa, na bado anaipanga. Usiku anakaa anaandika. Mzimu unakuja unamuita kwa kidole, yeye anauonyesha kwa mkono usubiri kwanza anaendelea kuandika, unamtikisia minyororo juu ya kichwa, basi anachukua taa anaufuata. Unafika uani unapotea. Anaweka alama pale kwa majani, kesho yake wakubwa wa mji wanaamuru pachimbwe, wanakuta mifupa imefungwa minyororo, inazikwa kwa heshima, na nyumba inatulia. Tazama hapo kosa ni la nani. La walio hai, waliomuacha mtu wao bila kuzikwa. Binti yako bila kuijua barua hiyo kagusa mahali pale pale: mwenye deni kwenye hii hadithi ni bibi.

Sasa nakuja kwenye zile maksi 2. Soma tena sentensi zake mbili, moja iko katikati na nyingine karibu na mwisho. Katikati anasema anamuonea huruma msichana kwa sababu "kila siku anawekewa chakula lakini hakuna anayekaa naye." Halafu anasema mwisho hakuupenda kwa sababu "mvulana anakaa tu."

Umeona?

Kile alichokililia kwa niaba ya mzimu ndicho hadithi imempa mwishoni, na yeye hajakitambua. Hakuna anayekaa naye, na mvulana akakaa. Bibi kwa miaka yote hiyo alitoa chakula, alitoa sahani, alitoa kila kitu isipokuwa kukaa, labda kwa kuwa hawezi kumtazama usoni, na mjukuu ambaye hana hatia yoyote kavuta kiti. Mtoto huyu ameshika ncha zote mbili za uzi mkononi na hajazifunga. Hapo ndipo 8 yangu inaposimama badala ya 10, na hapo ndipo kazi yako wewe kama mwalimu inapoanzia, kwa sababu huyu hahitaji kurudia chochote, anahitaji mtu amrudishe kwenye sentensi zake mwenyewe.

Lakini tafadhali sana usimwambie. Kishawishi kitakuwa kikubwa cha kuandika pembeni kwa wino mwekundu "kumbe mvulana kukaa ndio jibu!" na ukishaandika hivyo umemnyang'anya ugunduzi wake, atasema sawa mwalimu, atanakili, kesho kasahau. Chora mstari chini ya sentensi ya kwanza, chora chini ya ile ya pili, halafu andika: "Hebu zisome hizi mbili kwa pamoja, niambie unaona nini." Basi. Akiona, atakuja anakimbia. Asipoona leo anaweza kuona wiki ijayo, au akaona kitu kingine ambacho mimi na wewe hatujakifikiria, kwa mfano anaweza kukwambia ndiyo alikaa lakini kukaa bila kuuliza hakutoshi, na hiyo nayo ni hoja nzito inayoweza kusimama kwenye maandishi yale yale. Mimi binafsi nadhani mvulana hakuuliza kwa sababu ile sio saa ya maswali, hata Athenodorus hakuuliza kitu, alibeba taa akafuata, ila hayo ni yangu na sitaki yamfikie mtoto kabla hajapata ya kwake.

Kitu kingine unachoweza kumsukuma taratibu ni kumtazama bibi upya. Kaandika kama vile ukimya wa bibi una maana moja tu, ya kuficha. Je, ule utaratibu wa kutenga sahani kila jioni, miaka yote, unasema nini kuhusu bibi? Mtu anaficha kitu halafu kila siku anakiwekea chakula mezani mbele ya kila mtu? Muulize hivyo hivyo kwa mdomo, usiandike, maana hili linahitaji kuongea. Sitegemei aache kumuogopa bibi. Ila anaweza kugundua unaweza kumuogopa mtu na kumhurumia kwa wakati mmoja, na kwa umri wake hilo ni jambo kubwa.

Tuje kwa mama. Kwanza umpokee vizuri, mzazi anayekuja shule kwa sababu mtoto hakulala ni mzazi anayejali. Usianze kujitetea kwamba hadithi imo kwenye mtaala. Na usimwambie "mwambie mtoto mizimu haipo", kwa sababu mtoto wake hajasema anaogopa mzimu, kaandika kabisa sio mzimu.

Hata kama angekuwa anauogopa, kuambiwa haupo kusingemsaidia sana, na hili limeangaliwa na watafiti. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Paul Harris na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa miaka 4 na 6. Watoto wanaonyeshwa sanduku, wanaona kabisa halina kitu, wanaombwa wawaze tu kwamba ndani kuna kiumbe, kwa wengine sungura, kwa wengine zimwi. Ukiwauliza wanakwambia vizuri tu kwamba ni cha kuwaza, hakipo. Lakini mtafiti alipotaka kutoka chumbani baadhi ya wale wadogo walioambiwa wawaze zimwi hawakutaka atoke, na waliobaki peke yao wapo waliolisogelea sanduku kulichungulia. Kujua hakipo walijua, na bado mwili ulikaa tayari. Watu wazima pia tuko hivyo, tukimaliza hadithi ya kutisha usiku tunaangalia nyuma ya mlango tukijua kabisa hamna mtu. Kwa hiyo taa kuwaka usiku mmoja baada ya hadithi iliyoandikwa vizuri ni jambo la kawaida, mwambie mama aiache iwake, asimcheke na asimzomee. Ingekuwa wiki zinapita mtoto hataki kulala, anaamka analia, hataki kubaki peke yake hata mchana, hapo ningesema tuache kuzungumzia hadithi tutafute kinachomsumbua kwa msaada wa mtu mwenye ujuzi wa watoto.

Kwa umri wa miaka 11 hofu za watoto wengi zinakuwa zimeshahama, kutoka kwenye mazimwi na giza zinaelekea kwenye mambo ya kweli, kuumwa, kufiwa, wazazi kugombana, kutengwa na wenzao. Hadithi ya mzimu inampa mtoto mahali pa kuyashika hayo bila kuyataja moja kwa moja. Angeulizwa ghafla "unaogopa nini nyumbani" asingejibu. Kaulizwa maoni kuhusu bibi na sahani, kajibu.

Na sentensi yake ya mwisho, ile ya watu wazima wanaojua kitu na hawamwambii, hiyo uishike kwa mikono miwili. Inaweza ikawa hakuna kitu kabisa, kila mtoto wa umri huo anahisi anafichwa jambo, na mara nyingi yuko sahihi kwa sababu kweli tunawaficha. Inaweza pia ikawa nyumbani kuna ugonjwa, kuna mpango wa kuhama, kuna mambo kati ya wazazi, na yeye kayanusa. Sio kazi yako kuchimba. Usimkalishe ofisini ukaanza "kwani nyumbani kuna nini", utamfanya ajute kuandika ukweli na hatakuandikia tena. Mwambie tu umeisoma mpaka mwisho, umeielewa, na akitaka kuongea upo. Akikwambia jambo linaloonyesha anaumizwa hapo hakuna cha kusubiri, fuata taratibu za shule za kumlinda mtoto siku hiyo hiyo.

Kwa mama ningemuomba mtoto ruhusa kwanza, "mama yako angependa kujua kwa nini hukulala, naweza kumuonyesha ulichoandika, au unataka umwambie mwenyewe?" Akikataa heshimu, mwambie mama kwa ujumla kwamba mtoto anatafakari kuhusu watu wazima kuwaambia watoto mambo, kwamba sio mizimu, na kwamba swali zuri la jioni ni "kuna kitu ungependa kuniuliza?" halafu ajiandae kujibu kweli. Akikubali, mpe mama asome mwenyewe, taratibu. Mzazi akiisoma ile karatasi sidhani kama atauliza tena kwa nini mnasoma hadithi za mizimu.

Muongozo wa ubaoni nao tuufanyie kazi, maana kipindi kijacho utatoa hadithi nyingine. Sikwambii uutupe wote, wahusika na matukio vina nafasi yake, ila viulize kwa mdomo dakika za mwanzo ili kila mtoto awe amefuata kisa, kisha uandishi uwe wa kitu kingine. Aidan Chambers, mwandishi na mwalimu Mwingereza, kwenye kitabu chake cha 1993 aliwapa walimu maswali manne mepesi sana: nini ulipenda, nini hukupenda, nini kilikuchanganya, na kuna chochote ulichoona kinajirudia au kinafanana na kingine. Na alishauri badala ya "kwa nini" useme "niambie", kwa sababu mtoto akisikia kwa nini anadhani anashtakiwa, anaanza kujitetea au anasema sijui. Ukiyaangalia maswali hayo halafu ukaangalia kazi ya huyu binti utakuta kayajibu karibu yote bila kuulizwa: alichokipenda ni sahani, hakupenda mwisho, kilichomchanganya ni mvulana kutouliza. Bado la kujirudia tu, na ndo lile la kukaa na kutokukaa.

Kwa hadithi ya mzimu mimi naongeza maswali yangu mawili: niambie sehemu ambayo hofu ilikushika, inukuu neno kwa neno, halafu niambie kwenye hadithi hii uliyemuogopa zaidi ni nani. Hilo la kunukuu usilisahau, ni kitu kingine ambacho binti yako pia hajakifanya na ungemdai, kasema sahani ya tatu lakini hajaiandika sentensi yenyewe, na mtoto akiinakili sentensi kwa mkono wake anaanza kuona imejengwaje. Yule asiyeogopa popote aandike kwa nini hakuogopa na mwandishi alikuwa anajaribu kumuogopeshea wapi, hiyo ni kazi halali kabisa na mara nyingine ndo inayotoka nzuri kuliko zote darasani. Na wale waliofuata muongozo wako mara hii wape maksi zao kama ulivyowaahidi, usiwabadilishie mchezo katikati, waliandika ulichowaambia.

Kuhusu kuisoma mbele ya darasa. Ningependa wenzake waisikie, hasa ile sehemu ya kurudi nyuma kuhesabu watu, kwa sababu ukiwasomea hiyo tu darasa zima litafungua hadithi upya kutafuta sahani, nimeliona hilo likitokea na watoto wanagombania kitabu. Lakini usisome kabla hujamuuliza, na hata akikubali usome mpaka "mimi ningeuliza" uishie hapo. Sentensi ya taa na ya watu wazima usiisome. Hiyo alikuandikia wewe.